Kuongeza springi za nyuma: Gari litabeba zaidi au litakugharimu zaidi?

KILA msimu wa mavuno unapokaribia, gereji nyingi za mijini na kwenye miji midogo ya barabarani hupata wateja wa aina moja. Ni wenye kirikuu na pikapu wanaotaka gari "liinuliwe nyuma" kabla mazao hayajaanza kutoka shambani. Fundi huulizwa swali moja tu, nalo ni bei ya kuongeza springi. Baada ya nusu siku gari hutoka likiwa limeinua mkia, na mwenye gari huondoka akiamini kwamba sasa anaweza kupakia magunia mawili au matatu zaidi.

Imani hiyo ndiyo inayowagharimu wakulima na wafanyabiashara wengi wadogo. Springi ngumu huzuia gari lisilale mzigo unapopakiwa, lakini haziongezi uwezo wa gari kubeba. Uwezo huo unategemea pia tairi, breki, ekseli, bearingi na chesisi, na vitu hivyo vyote hubaki vilevile hata fundi akiongeza springi kumi. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua springi za nyuma kwa gari la mazao, na namna ya kujua kama fedha hiyo itarudi.

Kazi ya springi na kazi ya shokapu

Pikapu nyingi na kirikuu hutumia nyuma springi za vyuma bapa vilivyopinda, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kushikwa katikati kwa bolti. Hapa tutaviita mabapa. Magari mengine, hasa yale ya abiria ambayo watu wameyageuza ya mizigo, hutumia springi za kuviringwa.

Kazi ya springi ni kubeba uzito na kupokea mshtuko wa mashimo. Shokapu haibebi mzigo. Kazi yake ni kutuliza springi baada ya kubonyea, ili gari lisiendelee kurukaruka. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba gari lake linalala nyuma likipakiwa hatasaidiwa na shokapu mpya peke yake, na yule ambaye gari lake linadunda baada ya kila tuta hatasaidiwa na bapa la ziada. Ukijua ugonjwa ni upi, hutauziwa dawa isiyokuhusu.

Anza na mizani kabla ya gereji

Mkulima anayetaka kununua mbolea hupima kwanza ukubwa wa shamba. Vivyo hivyo, anayetaka springi ajue kwanza anabeba kilo ngapi. Kadi ya gari huonyesha uzito wa gari tupu na uzito wa jumla unaoruhusiwa. Toa wa kwanza kwenye wa pili. Kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kuweka juu ya gari, na ndani yake wamo dereva, abiria, mafuta, turubai na zile mbao au vyuma ulivyoongeza kwenye bodi.

Chukua mfano wa kirikuu. Magari haya madogo yanayotoka Japani yalitengenezwa kwa kufuata sheria ya nchi hiyo, ambayo inataka injini isizidi sentimita za ujazo 660 na mzigo usizidi kilo 350. Kilo 350 ni magunia matatu na nusu ya kilo 100. Lakini si ajabu kuona kirikuu ikitoka sokoni na magunia saba au manane, na wapakiaji wawili wamekaa juu yake.

Lipo pia tatizo la lumbesa. Kanuni za vipimo nchini zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini gunia la viazi au vitunguu lililoshonewa kilemba hupita hapo. Mwenye gari anayehesabu magunia badala ya kilo hajui amebeba nini. Mkulima anaumizwa na lumbesa kwenye bei, na mwenye gari anaumizwa nayo kwenye springi.

Dawa ni kupima. Maghala makubwa, viwanda vya kusaga na vya kuchambua pamba huwa na mizani ya magari. Omba kupimiwa siku moja ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Pima gari zima, kisha pima magurudumu ya nyuma peke yake, kwa sababu huko ndiko tatizo liliko. Andika namba hizo kwenye daftari. Fundi makini atazihitaji.

Mahali unapoweka mzigo

Kabla ya kulipa fedha yoyote, angalia mzigo unakaa wapi. Uzito uliowekwa nyuma ya ekseli hufanya kazi kama mtu aliyekaa ncha ya ubao wa pembea. Tuseme pikapu yako ina mita 2.8 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, nawe unaweka kilo 300 sentimita 70 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo haitabeba kilo 300, bali 375. Hizo 75 za ziada zimenyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki.

Magunia mazito yakipangwa karibu na kibanda cha dereva, na vitu vyepesi vikawekwa nyuma, gari linalolala linaweza kukaa sawa bila kuongezwa springi. Marekebisho hayo hayagharimu hata shilingi moja.

Njia zilizopo, moja baada ya nyingine

Njia ya kwanza ni kurudisha springi kwenye hali yake ya awali. Magari mengi tunayonunua yametumika miaka mingi, na springi zake zimechoka. Ikiwa gari tupu tayari limelala nyuma au limeegemea upande mmoja, huhitaji springi za nguvu zaidi. Unahitaji seti nzima ya kiwango kilekile cha kiwandani. Kwa wengi wenu hii peke yake inatosha.

Njia ya pili ni kuongeza bapa moja. Ikiwa springi ina mabapa matano ya unene mmoja, bapa la sita lenye urefu unaokaribiana nayo huongeza ugumu kwa takriban sehemu moja ya tano. Ni ongezeko la kiasi, na gari likiwa tupu bado hupandika. Sharti lake ni kwamba bapa jipya lifuate mpindo wa yale mengine. Bapa lililochukuliwa kwenye gari jingine, lenye mpindo mkali zaidi, hubeba mzigo peke yake kabla ya wenzake, kisha huvunjika.

Njia ya tatu ni kubadili mabapa na kuweka manene zaidi. Hapa wengi hukosea hesabu. Ugumu wa bapa hauendi sambamba na unene. Unaongezeka kwa unene kuzidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bapa la milimita 7 likibadilishwa kwa la milimita 8 linaonekana nene kidogo tu, lakini ni gumu zaidi kwa karibu nusu. Ndiyo maana mtu hubadilisha seti nzima akitarajia nafuu kidogo, akarudi na gari linalogonga kama mkokoteni.

Njia ya nne ni bapa saidizi. Hili ni bapa nene, karibu limenyooka, linalokaa chini ya mengine au juu yake na ambalo haliguswi mpaka gari lipakiwe. Gari likiwa tupu au na mzigo mdogo, springi za kawaida hufanya kazi peke yake, na uzito ukiongezeka bapa hili huingia kazini. Kwa mtu anayekwenda shambani mtupu na kurudi amepakia, njia hii hufaa kuliko zote kwa sababu haimwadhibu wakati wa kwenda.

Njia ya tano ni mifuko ya hewa inayofungwa kati ya ekseli na chesisi, au ndani ya springi za kuviringwa. Unaijaza upepo ukipakia na kuupunguza ukishusha. Ni nzuri kwa mzigo unaobadilika, lakini inahitaji uangalizi kwa sababu mfuko ukitoboka njiani huna kitu. Pia husukuma chesisi mahali pamoja badala ya kugawa uzito kwenye ncha mbili za springi. Nchini Australia, ambako pikapu za milango minne hubeba mizigo mirefu, kuna magari yaliyopinda chesisi nyuma ya kibanda baada ya kufungwa mifuko hii na kuzidishiwa mzigo.

Zipo pia njia za mkato ambazo ni vyema kuziepuka. Kuweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, au kurefusha vishikizo vya nyuma vya springi, huinua gari lakini hakuongezi nguvu hata kidogo. Kuchoma springi moto ili zikunjwe upya huondoa ugumu ambao kiwanda kiliupata kwa joto lililopimwa. Springi hizo hulala tena au hukatika. Kuchomelea bapa lililovunjika ni hatari zaidi. Raba zinazopachikwa kati ya mizunguko ya springi za kuviringwa huzuia sehemu ya springi isifanye kazi, na zile zinazobaki huelemewa.

Breki na tairi hazina habari

Gari lililoinuliwa nyuma humdanganya mwenye nalo. Zamani alipozidisha mzigo aliona gari limelala, akaogopa. Sasa limekaa sawa ingawa kilo ni zilezile au zaidi.

Anza na tairi. Ubavuni kuna namba inayoonyesha uzito ambao tairi moja inaweza kubeba ikiwa na upepo wa kutosha. Namba 80 ni kilo 450, 91 ni kilo 615, 100 ni kilo 800 na 112 ni kilo 1,120. Turudi kwa kirikuu yenye tairi za namba 80. Mbili za nyuma hubeba kilo 900 kwa pamoja. Tuseme kilo 300 za gari tupu ziko nyuma, na umepakia kilo 800 ambazo 700 kati yake zimeangukia ekseli ya nyuma. Jumla ni kilo 1,000. Tairi zimezidiwa kwa kilo 100, na hakuna springi itakayobadilisha jambo hilo. Tairi iliyozidiwa hupata joto, na joto ndilo huipasua mchana wa jua kali.

Kwa upande wa breki kuna jambo ambalo wenye pikapu wachache hulijua. Pikapu nyingi zina vali ndogo karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono mwembamba wa chuma uliounganishwa na ekseli. Gari likilala kwa mzigo, mkono huo husogea na vali huruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Likiwa tupu, vali hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Sasa ukifunga springi ngumu, gari halilali tena. Vali hudhani gari ni tupu hata kama limebeba tani nzima, na breki za nyuma hupewa nguvu kidogo. Za mbele hubeba kazi yote na kuchemka. Fundi asiporekebisha vali hiyo kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, umelipia springi ukapunguziwa breki.

Anayeshusha mboga kutoka Lushoto kwenda Mombo anaelewa maana yake. Barabara ile ni ya kona na mteremko mrefu. Breki zilizochemka hazimpi mtu nafasi ya pili.

Mzigo nao unaumia

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani gereji. Springi iliyotengenezwa kwa tani moja, ikibeba kilo 200, haibonyei vya kutosha. Mshtuko wa kila shimo hupita moja kwa moja hadi kwenye bodi. Kwa mahindi na maharage si kitu. Kwa nyanya, maembe, parachichi na mayai ni hasara. Nyanya zilizotoka Ilula zikiwa nzima hufika sokoni zimechubuka, na mnunuzi hashushi bei kwa kuhurumia springi zako.

Kwa hiyo chagua springi kwa mzigo unaobeba siku nyingi, usichague kwa mzigo mkubwa kuliko wote uliowahi kubeba. Anayebeba nyanya kilo 500 kwa safari nne kati ya tano asifunge springi za tani moja kwa ajili ya safari ile ya tano.

Hesabu ya faida na hasara

Bei zifuatazo ni za mfano wa kukokotoa tu. Weka za kwako.

Tuseme mfanyabiashara ana pikapu inayofanya safari 12 kwa mwezi, yaani 144 kwa mwaka. Seti mpya ya springi yenye bapa saidizi, shokapu mbili, bushi, bolti na ufundi vinamgharimu Sh1,200,000. Ikiwa vitadumu miaka miwili, ni safari 288. Kila safari inabeba gharama ya takriban Sh4,170, na akibeba kilo 800 ni kama Sh5 kwa kilo.

Anapata nini? Springi chakavu zikimvunjikia njiani mara moja kwa mwaka, akalipa Sh150,000 kwa kuvutwa na fundi, na nyanya za Sh300,000 zikaharibika, ni Sh450,000 kwa mwaka au Sh900,000 kwa miaka miwili. Ongeza tairi mbili za Sh400,000 zilizokwisha mapema kwa sababu gari lilikuwa limelala upande. Jumla ni Sh1,300,000. Amefidia gharama yake bila kuongeza hata kilo moja ya mzigo.

Sasa tazama hesabu ya yule anayefunga springi ili azidishe kilo 300 juu ya kiwango. Kama usafirishaji ni Sh60 kwa kilo, kila safari inampa Sh18,000 za ziada. Akizidisha kwa safari 144 anaona zaidi ya Sh2,500,000 kwa mwaka, na hapo ndipo hunaswa. Mzigo wa ziada haupo mwaka mzima. Kwa mazao mengi hupatikana katika wiki chache za kilele cha mavuno. Ikiwa ni wiki sita za safari tatu, ni safari 18, na faida halisi ni Sh324,000. Kutoka humo toa tairi, breki na bearingi zitakazokwisha mapema, na faini akikamatwa. Kisha asome mkataba wake wa bima aone unasemaje kuhusu gari lililozidishiwa mzigo, maana mikataba mingi huliweka kando.

Kwa wiki hizo sita, wafanyabiashara watatu wakichanga na kukodi Fuso au Canter moja, kila mmoja hupeleka mzigo wake wote bila kuumiza gari lake. Na kama mzigo wako unazidi kiwango mwaka mzima, basi biashara imekua kuliko gari. Fedha ya springi iwe mwanzo wa akiba ya gari kubwa zaidi.

Wapo wanaosema kwamba kirikuu na pikapu hazipiti kwenye mizani ya barabarani, kwa hiyo hazina kikomo. Ni kweli kwamba Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inalenga magari ya kuanzia kilo 3,500, na mengi ya haya madogo yako chini ya hapo. Lakini uzito ulioandikwa kwenye kadi bado ni kikomo chake, na askari wa usalama barabarani hahitaji mizani kuona gari lililozidiwa.

Ukiamua kwenda gereji

Mambo yafuatayo yatakusaidia usirudi mara mbili.

Kwanza, nenda na namba zako: uzito wa gari tupu, uzito wa mzigo wa kawaida na uzito wa ekseli ya nyuma.

Pili, badilisha pande zote mbili kwa pamoja. Springi mpya kulia na chakavu kushoto hulifanya gari livute upande mmoja.

Tatu, ukinunua springi za mtumba, zilaze sakafuni pamoja. Mpindo wa mbili hizo uwe sawa. Angalia nyufa katikati, karibu na tundu la bolti, na kwenye ncha.

Nne, nunua mpya zile bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Za zamani zimekwisha kuvutika. Zikazwe upya baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kwa sababu zikilegea bolti ya katikati hukatika na ekseli huhama.

Tano, bushi za raba zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba hujipinda muda wote na kuchanika mapema.

Sita, hakikisha shokapu zinalingana na springi mpya, na muulize fundi kuhusu vali ya breki za nyuma. Asipoijua, tafuta anayeijua.

Saba, rekebisha mwanga wa taa za mbele, kwani gari lililoinuka nyuma hulenga taa chini na dereva hapati kuona mbali usiku.

Springi nzuri ni kitega uchumi kama zilivyo mbegu bora, lakini mbegu bora haigeuzi ekari moja kuwa mbili. Msimu huu, kabla ya kumuuliza fundi bei, toa kadi ya gari kwenye droo, fanya ile hesabu ya kutoa, na uandike jibu ubavuni mwa bodi ambapo kila mpakiaji ataliona.